Maji Moto ya Nyumba Tupu

Phyllis hakulia. Babake alizikwa Jumamosi huko Butere, naye akatazama mazishi kwenye simu ndani ya basi la kampuni, mtandao ukikatikakatika. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda. Rafiq, msimamizi wao, akamwambia, "Mwezi ujao, inshallah." Jamani! Utadhani maiti ana subira.

Alikuwa mlinzi kwenye mtaa mpya wa nyumba za kifahari karibu na Jebel Ali, huko Uarabuni. Mtambo mmoja ulipoza nyumba zote, na joto lake halikutupwa hewani, lilipasha maji ya kuoga. Wanunuzi walipenda sana kusikia hivyo. Ila wengi walikuwa hawajahamia, na maji yakilala kwenye mabomba yanaharibika, kwa hiyo kila asubuhi walinzi walipita nyumba hadi nyumba wakifungua mifereji. Maji moto yakamwagika bure. Walinzi hao hao, kambini, Januari ile, walioga maji baridi meno yakigongana. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndivyo ilivyo.

Jumanne kakake, Gibson, akapiga simu. "Dada, sisi tushanyolewa wote. Wewe bado una nywele za kilio. Usipozitoa, kilio hakiishi."

"Changu hata hakijaanza," Phyllis akajibu. Hakuwa anajitia ujasiri. Hakuhisi kitu, ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Jecinta, mwenzake wa zamu, akanunua wembe. "Mimi ni wa Nyeri, mila zenu sizijui," akasema, "lakini kichwa ni kichwa. Inama hapo."

Wakaingia nyumba moja tupu, wakafungua maji kama kazi ilivyotaka, na Phyllis akainamia sinki. Maji yakamshukia utosini, vuguvugu. Akamkumbuka babake, aliyezoea kumwekea karai la maji juani ili akitoka shule aoge maji ya moto bila kuni. Jecinta akamnyoa hadi nywele zote zikalala sinkini.

Kumbe siku hiyo nyumba ile ndiyo ilikuwa ya kuonyeshwa wanunuzi. Mlango ukafunguliwa. Rafiq akaingia na madam mmoja na mumewe, ili awaonyeshe hayo maji. Madam akaona nywele kwenye sinki, akarudi nyuma.

"Sir, babake amekufa," Jecinta akaanza.

"Akanyolewe kwao," Rafiq akamkatiza.

"Ni mimi niliyemwomba," Phyllis akasema. "Yeye hana makosa."

"Khalas, yameisha. Wewe unarudi kwenu."

Kabla ya jioni Rafiq alimkabidhi pasipoti na tiketi ya kesho yake. Phyllis akampigia Gibson, sauti kavu, akamwambia anakuja.

"Wamekupa ruhusa? Mungu mkubwa!" Gibson akashangilia. Kisha akashusha sauti. "Ila dada, tungejua, tungemngojesha mzee mochari."

Phyllis akapapasa kichwa chake kitupu. Hapo hapo, mbele ya Rafiq, kilio kikaanza.