Chaja ya Kushikilia

Betri ya laptopu ya mke ilikuwa imekauka kabisa, na meli ambamo mumewe alikuwa baharia ingeng'oa nanga jioni ile ile. Ikishatoka bandarini, ni miezi bila mtandao.

Mama mkwe alikuwa tayari ameketi kitandani, kitambaa kipya kichwani, akingoja kumwona mwanawe kwa video. Macho yake yalizidi kufunga ukungu kila mwezi. Kwenye simu hakuona ila kivuli. Kwenye laptopu, uso ukijaa kioo kizima, bado aliambulia kitu.

"Bado tu, mwanangu?"

"Bado, Mama."

"Hicho chombo kimesusa. Kibembeleze."

Mke alikwishajaribu soketi nyingine, akaazima chaja ya jirani, akabonyeza kila kilichobonyezeka. Wapi! Akampigia fundi. Fundi akamwambia aingize waya kwa nyuma, auinamishe huku na huku taratibu. Alipousukuma juu, kitaa cha chaji kikawaka. Alipoachia, kikazimika.

"Basi betri haina neno," fundi akasema. "Kitundu cha chaja ndicho kimelegea. Niletee kesho nikilehemu."

Kesho! Kesho meli ingekuwa wapi?

Akakaza waya kwa kitambaa, kwa mpira, kwa karatasi iliyokunjwa. Vyote vilimwangusha. Akamtaja Mungu, akapiga magoti nyuma ya laptopu, akaukandamiza kwa kidole gumba. Kioo kikawaka upande wa mama mkwe, na simu ya video ya mume ilipoita, mama mkwe akabonyeza pale alipoelekezwa.

"Mama, shikamoo!"

"Marahaba! Jamani, ndiye! Ndiye mwenyewe!"

Sauti ile ya mumewe ilimwingia mke mwilini kama maji kwenye udongo mkavu. Akanyoosha shingo achungulie, mara moja tu. Kidole kikateleza, kila kitu kikazima. Bibi kizee akapiga ukelele kama aliyeporwa. Wakasubiri hadi chombo kikawaka na mume akapiga tena; safari hii mke hakuthubutu kujisogeza.

"Mke wangu yuko wapi?" mume akauliza.

"Yuko nyuma yako. Amekushikilia usizimike."

Mume akacheka. Kicheko chake kilitikisa kifuniko, mke akakisikia kiganjani.

"Njoo utazame, niushike mimi huo waya," mama mkwe akasema.

"Mikono yako inatetemeka, Mama. Nitazamie tu. Amekonda?"

Mama mkwe akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mashavu yapo."

"Ndevu?"

"Anazo. Fujo tupu, kama marehemu baba yake."

"Mama, nawasikia!"

"Nyamaza wewe, unatazamwa!"

Gumba la mke lilikuwa limekufa ganzi. Akafumba macho ili asikie vizuri zaidi.

"Na macho yake, Mama? Yakoje?"

Mama mkwe akapangusa kioo kwa kiganja.

"Yanakutafuta, mwanangu. Yanapita kila pembe ya chumba."