Shuka, Katleho

Vumbi la mwezi wa nane halibishi hodi. Linapita chini ya mlango, linapita kwenye tundu la ufunguo, linalala mezani, linalala vitini, linalala juu ya kabati la vyombo. Na kila asubuhi, Mama Katleho, nakuta ndani yake nyayo za mwanao. Nyayo ndogo, mbichi, zinazopanda. Zinazoshuka sijaziona.

Mimi si mtu wa maneno, unajua. Shule niliiacha mapema nikaenda kuchunga, na baada ya ng'ombe nikashika patasi. Jiwe ukiliweka, linakaa. Mtoto wako nikimwambia shuka, ananitazama kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine.

Wewe ulisema mara moja tu, tena polepole. Shuka, baba. Naye akashuka. Sauti yako ilikuwa ngazi. Yangu ni ukuta.

Siku ulipoletwa nyumbani kulala mara ya mwisho, wanawake walitoa kila kitu. Walitoa meza, wakatoa viti, wakatoa kabati na sahani zake, wakatandika godoro sakafuni wakaketi nawe. Picha wakazigeuza zitazame ukuta. Vioo vya dirisha wakavipaka majivu, ili apitaye njiani ajue, apunguze sauti. Nyumba nzima ikawa chini. Katleho alizunguka pale meza ilipokuwa, akipapasa hewa, akiinua mguu, akiurudisha.

Tulipokwisha kukuzika, vyombo vikarudi. Na yeye akarudi kupanda.

Alikuwa na sababu yake. Jioni, kiwanda cha nguo kikifungua lango, wanawake wanashuka na barabara kwa makundi, mablanketi mabegani, wakicheka, wakisukumana, vumbi limewafunika hadi vichwani. Ndani ya vumbi hilo ndimo ulimokuwa ukitokea. Ulikuwa ukimwacha asimame juu ya kiti pale dirishani, kiti kimoja tu, akungoje, na ulipofika kwenye mti wa pichi ulivua kitambaa kichwani ukampungia.

Sasa anasukuma kiti. Kutoka kitini anapanda mezani. Kutoka mezani anafika dirishani. Anakuta majivu.

Majivu yale desturi yetu ni kuyaosha baada ya maziko. Mimi sikuyaosha. Nilisema moyoni, asipoiona barabara hatapanda. Hiyo ni akili ya mchonga mawe, ziba ufa na maji yatakoma. Lakini mtoto si maji. Maji ukiyaziba hutafuta pa chini. Yeye alitafuta pa juu.

Juu kabisa ya dirisha palibaki ukanda wa kioo ambao mikono ya wanawake haikuufikia. Aliuona. Na njia ya kuufikia ilikuwa kabati.

Nilikuwa uani na patasi niliposikia sahani. Nikaingia. Kabati lilikuwa limeinama kama mzee anayetafuta kitu sakafuni, vyombo vya harusi yetu vinateleza kimoja kimoja, na Katleho kileleni, vidole vimeshika ubao, jicho kwenye ule ukanda wa mwanga. Nikalipokea kabati kwa bega. Nikasema shuka. Nikasema tena, shuka.

"Mama," akasema. Hakulia. Alisema kama mtu aliyeulizwa swali akajibu.

Dada yako, Mama Lineo, alikuja kesho yake. Aliona vigae vya sahani, akaona dirisha, akafungua blanketi lake polepole.

"Shemeji, haya majivu unamwekea nani?"

"Ili asitazame nje."

"Yaani umemfungia mtoto ndani pamoja na kifo, halafu unashangaa akitafuta pa kutokea."

Nikainama kuokota vigae.

"Nakupa mpaka mvua za kwanza, siku ya kukuvua kitambaa cheusi cha msiba. Nikikuta bado anapanda, namchukua nikamlee mimi. Patasi hailei tumbili."

"Utumbili kaurithi kwenu."

"Si kwa mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa anaogopa hata ngazi ya kanisani." Akacheka. Halafu akakaa chini palepale, juu ya vumbi, akajifunika uso kwa blanketi, na blanketi likatikisika kwa muda mrefu.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilitoboa ukuta nikalifunga kabati kwa boliti. Meza nikaipindua, miguu juu. Viti nikavitundika kwa misumari kama matandiko ya farasi. Jirani yetu Sekhobe akaja kuniona, akasimama mlangoni, akageuza shingo huku na huku.

"Baba Katleho, kwako mgeni anakalia nini? Heshima yake iko wapi?"

"Kaa chini."

"Nimekaa chini maisha yangu yote nikidhani ni umaskini. Kumbe ni mtindo."

Tulikaa sakafuni, wanaume wawili na mtoto, tukala ugali. Na mtoto akapanda. Alipanda gunia la unga, akapanda ndoo, akapanda Sekhobe. Mchana mmoja nilipojilaza chali, akanipanda mimi. Alisimama kifuani kwangu kwa miguu yote miwili, hapa, unapojua, akanyoosha shingo kuelekea dirishani. Uzito wake mdogo ulinibana pumzi. Sikusema shuka.

Niliinuka, nikateka maji, nikatafuta tambara. Majivu yalilowa, yakatiririka kijivu ukutani, na barabara ikaingia ndani ya nyumba.

Jioni lango lilipofunguliwa nilimbeba mwenyewe, nikamweka begani. Wakaja ndani ya vumbi lao. Wakifika usawa wa dirisha letu walinyamaza, kisha wakaendelea. Mmoja alipunga mkono, na mwili wote wa Katleho ukaruka mbele, nikamkaza. Hakuwa wewe. Tulingoja hadi wa mwisho, yule mnene anayevua viatu njiani, akapita navyo mkononi.

"Hayupo," nikamwambia.

"Hayupo," akasema. Alirudia sawasawa, kwa sauti yangu.

Tangu siku hiyo kupanda kukawa kazi yangu. Lango likilia, anainua mikono, namwinua. Hayupo, nasema. Hayupo, anasema. Nikateremsha viti, nikageuza meza, na viti vikakaa bila nyayo. Niliona fahari, sikatai.

Kisha akaanza kuinua mikono akiwa na ugali mdomoni. Kisha akawa anamtafuta mbwa anayewafuata wale wanawake. Kisha jioni moja, kundi bado liko mbali, akanigonga kichwani kwa kiganja.

"Shuka," akaniambia.

Nikamteremsha.

Na ikafika jioni lango likalia, naye yuko sakafuni anasukuma kiatu changu kama gari, mdomo unanguruma. Nilisimama dirishani, mikono wazi. "Njoo tutazame," nikasema. Alikuja. Akanipa kiatu cha pili, ili nami niwe na gari.

Mama Lineo alifika siku ya kuvua kitambaa cha msiba, kama alivyoahidi. Wazee waliukata uzi ulioshika kitambaa, wakaninyoa, wakanimwagia maji. Alasiri nzima alikaa kitini, miguu mbele, macho kwa Katleho. Mtoto alipita kando ya kiti, akapita kando ya meza, akapita mbele ya kabati, kama mtu anayepita kando ya mawe.

"Umeweza, shemeji," alisema. "Kaa na mwanao." Akafunga blanketi, akaondoka.

Nimeweza. Mtoto ni wangu, hatavunjika mguu, hatapasuka kichwa. Ameacha kupanda kwa sababu juu hakuna tena kitu cha kumwita. Tulikuwa wawili wa kukungoja. Nimemfundisha mmoja kushuka.

Mvua zimefika. Vumbi limelala. Barabara imenawa uso, nyekundu, wazi hadi langoni, na wanawake wakitoka namtambua kila mmoja kutoka mbali. Zamani vumbi lao liliwafunika, na ndani ya vumbi mtu aliweza kumweka amtakaye, akawa naye mpaka kwenye mti wa pichi. Leo hapana pa kukuweka.

Katleho amesinzia sakafuni. Lango linalia. Nasimama dirishani, na mimi sihitaji kupanda kitu. Urefu wangu unatosha kuona.