C Isiyo na H

Sirad hakujua amtazame nani, msichana au kile kisanduku chenye kioo. Msichana alimsemesha bila kugeuka, vidole vinagonga vibonye, na kila akigonga, herufi za kijani zinachomoza kiooni kama majani baada ya mvua. Kwao Bura mtu akikusemesha anakutazama usoni.

Msichana mwenyewe aliitwa Iftin, Msomali wa Nairobi. Yeye na wenzake wawili Wazungu walikuwa wamekuja hapa kambi ya wakimbizi ya Ifo kuitengenezea kompyuta akili ya kutafuta jamaa waliopoteana vitani. Hawalipwi, watu walisema. Hilo nalo lilimchanganya Sirad. Mtu anaacha kwao, anakuja kula vumbi la Ifo, halafu bure?

Lakini hakuja kuuliza hayo. Alikuja kwa ajili ya Anab, bintiye, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kismayu. Tangu vita vianze, huu mwaka wa tatu, hakuna aliyemwona wala kumsikia. Shamso, wifi yake Sirad, alikuwa amechoka kungoja. Walipopanda lori alfajiri alisema neno moja tu: mashine ikikosa jina, basi tumsomee mtoto hitima, tuchinje, yaishe. Mbuzi mwenyewe walikuja naye. Alikuwa amefungwa pale nje kwenye nguzo, analia.

Iftin akauliza jina. Sirad akajiweka sawa, akaanza kama inavyopasa: Anab binti Elmi, wa Hirsi, wa Diriye, wa Abdiwahid, wa Salah, akawa anashuka na babu zake mmoja mmoja. Alipofika wa saba msichana akainua mkono, akamwita bibi kwa Kisomali.

"Matatu tu, ayeeyo. Mashine ina nafasi ya majina matatu."

Sirad akatazama mlangoni. Hao wengine wabaki nje na mbuzi? Shamso akacheka puani, akamuuliza msichana yeye mwenyewe anawajua babu zake mpaka wa ngapi. Iftin akahesabu kwa vidole, akaishia wa tatu, akaona haya.

"Basi mashine ameifundisha anachokijua," Shamso akamnong'oneza wifi yake.

Anab Elmi Hirsi. Iftin alitafuta Ifo, hakuna. Dagahaley, hakuna. Hagadera, ambako orodha yake iliandikwa na mwalimu mmoja wa kule kambini ikaletwa juma lililopita, hakuna. Akajaribu kila Anab ambaye baba yake ni Elmi. Wakatoka wawili, mmoja bibi kizee, mwingine mtoto wa kunyonya.

Sirad akauliza polepole, "Haijamwona, au hayupo?"

Hapo Iftin akageuka, akamtazama. "Kwa mashine, ayeeyo, hayo ni kitu kimoja."

Sirad hakuelewa. Mbuzi asiyeonekana zizini si lazima awe ameliwa na fisi, kila mchungaji anajua. Shamso alikwishasimama, anasema inna lillahi kwa sauti ya chini, anajifunga vizuri shuka lake, na macho yake yako kwenye kamba ya mbuzi.

"Ngoja," Sirad akasema. Akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa barua iliyochakaa kwenye mikunjo. Ililetwa na dereva wa lori mwaka mmoja kabla ya vita. Dereva aliutoa ujumbe kwa mdomo, kwamba Anab amejifungua mtoto wa pili na ni mzima, kwa hiyo haikusomwa na mtu. Ilikuwa ya Kisomali. Sirad yeye alisomea Kiswahili, madarasa matatu pale Garissa, kwa mwalimu aliyewaimbisha kwamba C haitembei peke yake, lazima ishikwe mkono na H. Na huku chini ya barua palikuwa na jina lililoanza na C, peke yake, haina H. Siku zote alijua ni kosa la jirani fulani aliyeombwa kuandika, akatia na jina lake, mtu asiyesoma sana.

"Mtafute huyu Chanabu," akasema. "Labda yeye anajua Anab yuko wapi."

Iftin akaandika Chanabu. Hakuna. Sirad akamwambia aandike vilevile kwa makosa yake. Iftin akaandika Canab, na kioo kikajaa majina. Kumi na tisa, wote wa Hagadera.

Msichana akakunja uso. Jina ambalo hajapata kulisikia, linabebwa na watu kumi na tisa? Akamwita Yarrow, mzee aliyelinda mlango, ambaye kabla ya vita alikuwa mwalimu Baidoa. Yarrow akainama, akasoma kwa sauti.

"Anab. Anab. Anab. Mnashangaa nini?"

"Hiyo ni C, adeer, ami yangu."

"Ni sauti ya kooni, ayn. Kwetu ndivyo tunavyoiandika. Na H nzito tunaiandika X. Nyinyi wa Kenya mmefundishwa na nani?"

Iftin akarudi kwenye vibonye. Aliandika Canab Cilmi Xirsi, akabaki na mstari mmoja. Watoto watatu. Jina la mama: Siraad. Kisha akavuta daftari lake, akaanza kuhesabu watu wote aliowaambia hakuna tangu orodha ile ije.

Sirad bado alikuwa nyuma. "Basi huyu Chanabu ni nani?"

"Hakuna Chanabu, ayeeyo. Ni Anab. Aliiandika mwenyewe."

Sirad akaitazama barua. Alimwoza binti asiyejua hata alifu. Nani amemfundisha? Miaka yote hii alikuwa ameufunga mkono wa mtoto wake kiunoni, akidhani ni mkono wa jirani.

Nje, Shamso alikuwa anabishana na Yarrow kama mbuzi wa sadaka anaweza kwenda kwa mtu aliye hai. Sirad akapita katikati yao, akafungua kamba.

"Huyu ana maziwa," akasema. "Lori la Hagadera linaondoka saa ngapi?"

Njiani aliketi juu ya magunia, anaifuata ile C kwa ukucha, analitaja jina taratibu kutoka kooni. Ndivyo alivyokuwa akilitaja tangu siku mtoto alipozaliwa. Bado alikuwa anaitafuta H.