Mshipa wa Kushoto

Hausabai alikuwa jikoni anakaanga vitunguu vya poha, wali wa mchele uliopondwa, za kuwakaribisha watu wanaokuja kumwoza mumewe mke wa pili. Naam, mke wa pili, na mapishi ni ya mke wa kwanza. Wageni wangefika saa nane kutoka Gadhinglaj, baba, mama na binti yao, na yeye alitakiwa akae nao mkekani aseme, "Nimeridhia." Wazazi wa binti walishasema kwamba bila neno hilo hawamtoi mtoto wao.

Kosa lake hakuzaa. Miaka ishirini na miwili! Kanywa dawa za mizizi mpaka ulimi ukafa ganzi, kapanda kilima cha hekalu la Jyotiba miguu mitupu, kasafishwa kizazi mara mbili. Mtoto akipewa jina mtaani, wanawake wote wanatikisa susu na kuimba, yeye anaketishwa mlangoni asije akamtia mtoto nuksi. Na mumewe Bhairu, mwalimu wa mieleka anayeogopwa mji mzima wa Kolhapur, hakupimwa hata siku moja. Dume kama lile lipimwe nini?

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia Vilas, mwanafunzi wa mieleka wa mumewe, udongo mwekundu wa uwanjani umemganda mpaka kwenye kope.

"Mama, nipe maji. Mwalimu kanifukuza."

"Umefanya nini?"

"Eti nimevunja nadhiri, nina mwanamke! Mimi, mama! Mwanamke anayenijua mimi ni wewe, nawe unanijua kwa kula tu."

Vijana wanaoishi pale uwanjani kwa Bhairu huapa kutogusa mwanamke, kwa hiyo kijana akiishiwa nguvu hakuna anayejisumbua kutafuta sababu nyingine. Na Vilas tangu sikukuu ya Diwali alikuwa hoi. Anaamka kachoka, anaangushwa na vitoto. Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya shati.

"Nimekwenda hospitali kimyakimya. Nina mishipa imevimba kwenye mfuko wa korodani, upande wa kushoto. Daktari anasema damu inatuama pale, panakuwa na joto, mbegu zinaharibika. Korodani yenyewe imesinyaa, na ile homoni ya kiume imepungua. Ndiyo maana nimelegea hivi."

"Inatibika?"

"Upasuaji mdogo. Unaingia asubuhi, jioni uko kwenu. Kasema hatoi ahadi, lakini wengi wanapata nafuu, na wengine waliokosa watoto wanapata."

Kabla Hausabai hajajibu, Bhairu alikuwa kasimama mlangoni. Alishasikia. Akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Mishipa! Ndiyo unalilia jikoni kwa wanawake? Mimi ninayo tangu sijafika umri wako, imejikunja kama minyoo kwenye kifuko. Mwalimu wangu aliniambia ni alama ya nguvu. Ukikubali kukatwa kisu pale, usikanyage tena kwangu!"

Vitunguu vikaanza kuungua. Hausabai hakuvigeuza.

"Yako iko upande gani?" akauliza.

"Kushoto. Kwa nini?"

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mambo ya mwanaume hayo. Geuza vitunguu."

Hasira zikampanda Hausabai. Unaingia asubuhi, jioni uko kwenu! Yeye kachokonolewa tumbo, katemewa mate ya dawa na waganga, mawifi wamemla nyama waziwazi, na huyu bwana amekaa na mishipa yake anajisifia. Angemrushia kikaango kile usoni. Akamwambia Vilas akanawe, abaki, kisha akamaliza poha kwa sababu wageni hawakuwa na kosa.

Saa nane walifika. Binti alikaa kichwa chini, vidole vinapindapinda ncha ya sari. Bhairu alivaa kilemba cha sherehe. Baba wa binti akamgeukia Hausabai.

"Dada, tunataka neno lako. Umeridhia?"

"Kaka, binti yenu anakuja kufanya nini hapa?"

"Si kuzaa?"

"Basi mimi nimepimwa mpaka sina tena cha kupimwa. Madaktari wote waliniambia hawaoni kasoro. Huyu hajapimwa hata mara moja, na leo asubuhi kanitamkia mwenyewe ana mishipa imevimba kwenye korodani, ugonjwa unaoweza kuua mbegu. Huyu Vilas anao, karatasi ya daktari hii hapa, someni."

"Funga mdomo!" Bhairu akanguruma. "Unanivua nguo mbele za watu?"

"Mimi umenivua miaka ishirini na miwili! Mtaa mzima unaniita tasa, ukisikia unanyamaza! Sisemi kosa ni lako. Nasema hujapimwa. Mwaka ujao huyu binti naye mtamwita tasa? Mtamketisha naye mlangoni?"

Mama wa binti akaichukua karatasi, akaisoma mpaka mwisho, kisha akamtazama Bhairu.

"Baba, utakwenda kupimwa?"

Bhairu akamtazama baba wa binti, baba wa binti akatazama sahani yake.

"Siendi popote," akasema. "Mimi ni mwanaume."

Mama yule akamshika binti yake mkono, akamwinua. Mumewe akafuata bila kuaga. Binti alipofika kwa Hausabai akainama, akamgusa miguu kwa heshima, akatoka mbio.

Bhairu alibaki mkekani, macho yamemwiva. "Umeniua, Hausa. Kesho watajua wote."

"Wajue. Mimi wamenijua vya kutosha." Akajifunga sari vizuri, akamwita Vilas. "Twende hospitali, nikakusimamie mpaka wakuandikishe. Na wewe Bhairu, poha zipo. Jipakulie."