Anayeshindwa Anasukwa

Saluni ya Nduku iko mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi: mabati, benchi moja, kiti kimoja cha kusukia. Zamani ilijaa wanawake na maneno mpaka jioni. Halafu Wangoi akafungua yake ng'ambo ya njia, akatundika televisheni kubwa, na benchi la Nduku likaanza kukaliwa na vumbi.

Aliyemwokoa ni binamu yake Mulwa, fundi wa simu. Alimletea kidude cha gemu, kile cha kushika kwa mikono miwili, kikiwa na mchezo wa mbio za magari.

"Hii haitaki CD, nimeidownload tu," akasema. "Wateja wakionja hawatoki hapa."

Kweli hawakutoka. Lakini mwanamke anayeendesha gari huku anasukwa, gari likifika kwenye kona, naye anaingia kona mwili mzima. Gari kushoto, kichwa kushoto. Magdaline, muuza dagaa wa omena aliyekuwa akifuata mkono wa Nduku kutoka Kisumu Ndogo kule Kibera, aliondoka siku moja na matuta yaliyopinda kama mtaro.

"Nduku, hiki ni kichwa ama ni ramani ya Kibera?"

Nduku akaweka sheria: ukiwa kwenye kiti, huchezi. Basi benchi likajaa na kiti kikakaa wazi. Wote walipata heshima ghafla. "Pita wewe mama, mimi sina haraka." "Aa, tangulia tu dada." Wangoi alipita mlangoni akachungulia.

"Siku hizi unasuka ama unafuga?"

Dawa ilitoka kwa Audrey, fundi cherehani mwenye mdomo na vidole vyepesi. Wawili washindane, huyu akimaliza ampe mwenzake, muda ulinganishwe. Anayeshindwa anasukwa. Kiti hakikupoa tena.

Shida ikawa Audrey mwenyewe. Hakuwahi kushindwa. Wiki nzima alikaa benchini na kitambaa kichwani, akicheka wenzake wakisukwa, na Jumamosi mdogo wake alikuwa anaolewa Mashimoni. Audrey ndiye angesimama naye mbele ya kanisa zima. Nduku aliwaza wanawake wote wale wakitazama kile kichwa, wakiulizana nani kakisuka. Tangazo kama hilo televisheni ya Wangoi isingeliweza.

Ijumaa mchana akamvuta mkono. "Audrey, keti nikusuke. Wacha mchezo."

Benchi likalipuka.

"Aai! Sheria ni yake!" Aketch, mteja mwingine wa benchini, alisimama kabisa. "Juzi nilikuomba nisukwe kwanza, mtoto analia nyumbani. Uliniambia nini?"

"Nilikuambia ushindwe kwanza," Audrey akakubali.

"Ehe! Nawe shindwa."

Audrey akaangalia ng'ambo, kwa Wangoi, ambako hakuna anayemuuliza mtu muda wake wa mbio kabla ya kumsuka. Nduku aliyaona yale macho, kitana kikamtoka mkononi.

"Leteni mtu basi," Audrey akasema.

Walimsukuma Magdaline. Magdaline aligonga ukuta, akarudi nyuma, akagonga ukuta uleule. Alipomaliza, hata Aketch aliona haya kuusoma muda wake.

Audrey akashika kidude. Kushindwa na muda kama ule kunataka kazi, na vidole vyake havikujua kwenda polepole. Alikata kona zote safi, mwili ukilala huku na huku, mpaka mstari wa mwisho ukaonekana mbele. Hapo akasimamisha gari.

Benchi zima likainamia kioo.

"Endesha!" Magdaline akalia. "Audrey, usinifanyie hivyo, watu wataongea!"

"Petroli imeisha."

Walicheka mpaka mabati yakajibu. Audrey hakucheka. Alikodolea macho saa ya pembeni ya kioo, na muda wa Magdaline ulipopita akalivusha gari mstari polepole. Kisha akampa Magdaline kidude, akafungua kitambaa, akaketi.

"Haya. Mistari iliyonyooka, Nduku. Nyembamba."

Nduku akagawa nywele, akaanza tuta la kwanza. Benchini Magdaline na Aketch walikuwa wameshaanza mbio nyingine. Gari la Magdaline likaingia kona ya kushoto, na kichwa cha Audrey, mikono mitupu mapajani, nacho kikaenda kushoto.

Nduku akakishika, akakinyoosha. Kona ya pili, kikaenda tena.

Alikigeuza kiti kikatazama ukuta, akaendelea kusuka.