Kioo cha Seremala

Wauguzi walimwita daktari wao Seremala, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya patasi na nyundo, naye hakukasirika. Pua haichongwi kwa maombi. Lakini asubuhi hiyo, akiwa na kalamu ya zambarau ya kuchorea ngozi mkononi na uso wa binti mbele yake, roho ilimchafuka kuliko ilivyowahi kumchafuka mbele ya damu.

Binti aliketi kitini, baba yake kasimama mlangoni, mama yake karibu naye kabisa, mkoba mapajani. Mama ndiye aliyesema yote. Pua hii nene yenye kigongo, alisema, imetoka kwa mkwe wake, mama mzaa mumewe, Mungu amrehemu, ambaye hakuacha urithi mwingine wowote. Mtoto amechekwa shuleni hadi basi. Baba aliinamisha kichwa kama mgeni aliyevunja sahani ya watu, akamwomba bintiye radhi kwa niaba ya ukoo wake.

Pua hiyo Seremala aliijua. Miaka mingi nyuma aliikata kwa mikono yake mwenyewe, usoni pa mama huyuhuyu, kabla hajaolewa. Na mama alijua kwamba anajua. Ndiyo maana siku chache kabla alitangulia kuja peke yake, akacheka, akasema anamwamini kwa kuwa daktari mzuri ni kaburi. Kaburi kweli! Bibi wa watu yumo humo anasingiziwa pua, na daktari yuko juu anashindilia udongo.

Sasa Seremala alikuwa na kanuni moja: hagusi pua kabla mwenyewe hajashika kioo na kuonyesha, kwa kidole chake, kinachomkera. Binti alipewa kioo. Alijitazama, akainua kidole, kikabaki hewani. Mama akakikamata kidole kile akakibandika juu ya kigongo.

"Hapa," akasema.

Kinyaa kilimpanda Seremala mpaka kooni. Mzazi anamshika mwanawe mkono, kama anayemfundisha kuandika, kumbe anamfundisha kujichukia. Angeweza kuwafukuza, lakini mji haukuwa na upungufu wa patasi. Mwingine angekata kabla ya mwisho wa wiki. Kutoa siri ya mgonjwa nako hakuweza, kiapo ni kiapo. Akaamua kufanya kazi yake yote, safari hii bila kuipaka asali.

Aliwasha kompyuta akaipunguza pua ya binti kwenye picha, ikatoka ileile aliyowachongea nusu ya wanawake wa mji. Binti akasema imefanana na ya mama. Mama akatabasamu, akasema ni bahati iliyoje.

Seremala akaeleza. Atavunja mfupa pande zote mbili ausogeze ndani. Atakwangua kigongo kama anayeparua samaki. Atakata gegedu, ule mfupa laini, kutoka ndani ya pua, aishone kwenye ncha ili isimame. Mama akamwomba asimtishe mtoto.

"Simtishi, namweleza," alisema Seremala, kisha akamgeukia binti. "Mwisho nitapunguza mabawa ya pua, huku chini penye kunjo. Kovu lake halifutiki. Ni kamstari keupe, kembamba, kila upande. Wa mbali haoni. Aliyekaa karibu, akijua pa kutazama, ataliona mpaka uzeeni."

Binti alikuwa amekaa karibu. Aligeuza shingo polepole. Mama akafungua mkoba, akatoa leso, akaipeleka puani kama mtu aliyepatwa na mafua ghafla. Binti akaishusha ile leso. Akatazama upande wa kwanza, akatazama wa pili. Baba akatoka mlangoni, naye akaja kuangalia.

"Mama yangu," alisema baba. "Miaka yote hii nimemlaumu mama yangu."

Seremala alidhani angefurahi. Badala yake kile kinyaa kilishuka kutoka kooni kikamwingia viganjani, maana mistari ile miwili ilikuwa kazi yake, na siku alipoishona alijisifu kwa wauguzi kwamba hakuna atakayeiona.

Binti alichukua kioo akakiweka mikononi mwa mama yake.

"Onyesha wewe, mama," alisema. "Kwa kidole chako."