Nyuki wa Ukurasa wa Sitini na Tano

"Nionyeshe nyuki," mhariri alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama daktari anayekuomba umwonyeshe panapouma, huku akiusogeza mswada kando na kupanga mezani nakala tatu za kitabu kilekile: moja nyekundu, moja ya kijani, na ya tatu iliyochakaa hata rangi yake ikabaki ya kukisia. Mhariri alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, na mkebe wa kalamu nyekundu mbele yake ulijaa kalamu zilizochongwa zikawa kama sindano.

Msichana alivuta kiti. Kwao walimwita Kidomo, kwa kuwa tangu ajue kusema hakuna jambo lililompita bila kulitolea maoni, liwe chumvi ya mchuzi au sura ya bwana harusi. Hata kwenye duka la miwani alikofanya kazi, mteja akijaribu fremu alikuwa hamwachi hivihivi. "Hiyo inakufanya uonekane unadaiwa," angemwambia, na mteja angecheka, akachukua nyingine.

"Wako ukurasa wa sitini na tano," alisema sasa bila wasiwasi. "Kijana anaporudi nyumbani. Anasukuma mlango, anaona mizinga."

Akafungua kitabu chekundu. Kijana alisukuma mlango, akaona kaka yake ameketi kwenye kiti cha baba yao. Akafungua cha kijani. Kaka mtu alikuwa palepale kitini. Kile kichakavu alikifungua taratibu, kama anayechungulia chumba cha mgonjwa, na kaka mtu alikuwa bado hajanyanyuka.

"Mbona…" alisema Kidomo, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa la kuongeza.

Kitabu chenyewe kilikuwa mojawapo ya vile vinavyoheshimiwa na kila mtu na kumalizwa na wachache. Kilisimulia habari za ndugu wawili, watoto wa hakimu. Kaka mtu anatoa ushahidi dhidi ya mdogo wake mbele ya baba yao mzazi, mdogo anafungwa, miaka inapita, anarudi, mwishoni ndugu hao wanakula meza moja. Kampuni ya mhariri ilikuwa inakichapa upya, na safari hii ilitaka dibaji ya msomaji kijana, si ya profesa. Wakatangaza shindano la insha. Kidomo akaandika aliyokuwa akiyafikiria tangu darasa la saba: kwamba kitabu hicho kinachosha kama foleni, ila kuna kurasa kumi na sita katikati yake ambazo hazina mfano. Mfungwa anarudi nyumbani, hamkuti mtu, anakuta mizinga ya nyuki. Basi. Mwandishi haelezi mizinga imetoka wapi. Anaanza tu kumfundisha mtu yule, neno kwa neno, namna ya kukaribia mzinga: usiende kwa haraka, usisimame kwenye njia yao, vaa nguo nyeupe, puliza moshi kidogo kisha ungoje. Kurasa zikiisha, ndugu yake yupo mbele yake analia, nao wamekwisha patana. Msamaha hauelezwi, Kidomo aliandika. Unakaribiwa kama mzinga.

Insha ikashinda. Kitabu kilikuwa kinakwenda mtamboni Jumanne, na leo ilikuwa Ijumaa.

"Msahihishaji wetu ndiye aliyeniuliza," mhariri alisema. "Amekisoma chote, maskini. Akaniambia, mama, nyuki siwaoni. Nikamwambia asome tena."

"Na majaji je? Si walinisifu?"

"Walikusifu." Mhariri alifungua faili, akasoma kwa sauti isiyoonyesha kitu. "Wa kwanza: 'Uchambuzi wa nyuki ni wa kina.' Wa pili: 'Hatimaye kijana aliyewaona nyuki.' Nimewapigia wote wawili asubuhi. Wameomba wasitajwe."

Kidomo alitaka kucheka, ila kicheko kilimfika kooni kikapotea njia. Kama watu wazima wenye vyeti ukutani walisifu wasichokiona, na yeye aliona kisichokuwepo, nani kati yao aliyesoma?

"Wa tatu huyu ndiye aliyenisikitisha," mhariri akaendelea. "Mwalimu mkuu mstaafu. Ninamheshimu. Sikiliza alichoandika: 'Nyuki hawa niliwapenda nilipokuwa kijana. Nilidhani nimebaki nao peke yangu.'" Akafunga faili. "Uongo wa kupendeza kuliko ukweli wa watu wengi. Yeye sijampigia. Nimeona aibu kwa niaba yake."

Kisha akasema alilomwitia. Kidomo awatoe nyuki. Aandike upya, alete Jumatatu asubuhi, na hakuna atakayejua. Asipoweza, kuna dibaji ya profesa iliyokaa kabatini kama gurudumu la akiba.

"Wewe una macho, binti," alimwambia akimsindikiza mlangoni, na kumpa kitabu chekundu. "Ila mara hii angalia kilichoandikwa."

Kidomo hakufika mbali. Aliketi kwenye ngazi za jengo, watu wakimruka huku na huku, akazisoma zile kurasa ambazo dunia nzima ilikuwa imezisoma isipokuwa yeye. Kaka mtu alizungumza. Alizungumza kurasa zote kumi na sita. Alieleza kwa nini alitoa ushahidi, jinsi baba yao alivyomwita faraghani, hofu yake, mirathi, usiku asiolala. Alikuwa na sababu, na sababu ya sababu, na zote ziliingiana kama vifungo na matundu yake. Zilikuwa kurasa nzuri. Hilo ndilo lililomchanganya. Aliona wazi kwa nini watu wamelilia kitabu hiki, na yeye mwenyewe alirudia kusoma mahali pawili. Lakini alipomaliza alijikuta hamtaki tena kaka mtu. Kwa miaka yote alikuwa amemsamehe bila kujua alichofanya. Sasa amejua kila kitu, na msamaha umekwama. Yalikuwa maoni gani haya? Ya nani? Aliyoyapata leo yalikuwa na umri wa nusu saa, na yale ya zamani yalikuwa yake kama meno yake, ila hayakuwa na kitabu.

*

Baba yake alikuwa ameifanya kazi ya kujalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka kiwanda kilipofungwa. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua vitabu vilivyoharibika, na hivyo rafu ya sebuleni kwao ilikuwa hospitali ya vitabu. Kimoja kilikosa mwisho, na Kidomo alikuwa amekua akiamini kwamba mwandishi wake ni mtu jasiri. Kingine kilirudia sura ya nne mara mbili, naye shuleni aliwahi kutetea urudiaji huo mpaka mwalimu akaomba maji. Kimoja kilikuwa na kurasa tupu upande mmoja, na hicho mama alikichukua achoree vipimo vya magauni.

"Ndicho pekee nilichokielewa," mama hupenda kusema.

Jumamosi ile mchana Kidomo alikitoa rafuni kitabu chao cha nyuki, kilekile alichokisoma darasa la saba, akamwekea baba mezani, na chekundu pembeni yake. Akamsimulia. Mzee alisikiliza akikigeuza kitabu mkononi, kidole gumba kikipita mgongoni mwake taratibu. Jalada lilikuwa limebandikwa juu chini. Ukikishika vizuri jina linasimama kwa kichwa.

"Hiki kilikuja kwa sababu ya jalada," alisema. "Hiyo ndiyo kasoro tuliyoijua."

"Na nyuki?"

"Nyuki sikuwaona kama kasoro. Nilikisoma, nikafika hapo kwenye mizinga, nikajiambia, sasa kitabu kimepata akili."

"Ukaendelea?"

"Sikuendelea. Nilikwenda kumuuliza mama yako kama tunaweza kufuga."

"Nikamwambia achague," mama alidakia kutoka chumba cha pili, cherehani ikinguruma. "Mimi au wadudu."

Baba alichukua kisu chembamba, akaachanisha jalada na mgongo kidogo, kama mtu anayeinua ukosi wa shati. Ndani yake mikunjo ya karatasi ilionekana imeshonwa kwa uzi, na kila mkunjo una alama nyeusi, moja chini ya nyingine, zikishuka mithili ya ngazi.

"Karatasi moja kubwa ukiikunja inakupa kurasa kumi na sita," alisema. "Kila mkunjo tunautia alama. Mikunjo ikikaa kwa mpangilio, unaona ngazi. Ngazi ikikatika, umekosea. Sasa tazama."

Kidomo alitazama. "Haijakatika."

"Haijakatika. Kwa sababu wa tano ni wa tano. Wiki ile mezani palikuwa na kazi mbili, hiki na mwongozo wa kufuga nyuki. Ukubwa mmoja, herufi moja. Mtu akachukua mkunjo wa tano wa kule, akauweka huku. Namba za kurasa zinafuatana, ngazi imekamilika. Hata ningekuwa na macho manne nisingeona."

"Basi na nyuki nao wakapewa kaka mtu," Kidomo alisema polepole. "Kuna mfugaji mahali fulani amenunua mwongozo, amevaa nguo zake nyeupe, moshi tayari, anafungua ukurasa, anakuta mtu anamlilia habari za mirathi."

Baba alicheka mpaka akaweka kisu chini. Cherehani nayo ilisimama. Mama alikuwa anasikiliza.

Kicheko kilipokwisha, mzee alivuta kitabu chekundu, akakilinganisha na kile cha zamani. "Hiki chetu naweza kukitengeneza. Uniletee fotokopi ya kurasa hizi za chekundu, nitoe nyuki, nishone za kaka mtu. Kitakuwa kizima. Nimewaambia jirani wote kwamba jina lako linaingia kitabuni, Kidomo. Miaka yote hiyo nimeshona majina ya watu. Sipendi liingie na kasoro yetu."

Alisema "yetu" huku akiangalia vidole vyake. Kidomo alivuta kitabu cha zamani. Alifungua ukurasa wa themanini, pale kurasa za nyuki zilipoishia, akasoma sentensi aliyoipenda kuliko zote alizowahi kuzisoma, ambayo alikuwa amemalizia nayo insha. *Ukiwaona nyuki wametulia mlangoni usidhani wamechoka, wanasubiri.* Kisha ukurasa unageuka: *ndugu yake amalize kulia.* Katika kitabu chekundu aliyesubiri ni kaka mtu peke yake, kitini. Sentensi nzuri kuliko zote ilikuwa imeandikwa na watu wawili wasiojuana, na mtu wa tatu asiyejulikana akaiunganisha kwa mkono uliochoka.

"Baba. Huyo mtu alichukua mkunjo mmoja tu?"

"Nani?"

"Aliyekosea."

Mzee alifikiri. "Hatuchukui mmoja mmoja. Unaweka rundo mbele yako, unakwenda nalo mpaka liishe."

"Kwa hiyo si hiki peke yake."

"Hiki kilibaki nyumbani kwa sababu ya jalada," baba alisema. "Vilivyokuwa na jalada zuri vilikwenda dukani."

*

Jumatatu mhariri alisoma kurasa mbili alizoletewa bila kugusa kalamu nyekundu, jambo ambalo Kidomo hakujua kama ni heri au shari. Dibaji mpya ilianza nyumbani, kwenye rafu ya vitabu vibovu. Ilikuwa na nyuki. Ilikuwa pia na kaka mtu na sababu zake zote, na msomaji aliyesimama katikati, asiyejua amsamehe nani kwa kitabu kipi. Haikuwa na jibu. Alikuwa amelitafuta Jumapili nzima, na kila alipodhani amelishika lilikuwa maneno tu.

"Nilikuambia uwatoe," mhariri alisema mwishoni.

"Niliwatoa, mama. Ikabaki dibaji ya mtu mwingine."

"Nitawaambiaje wakubwa zangu? Kwamba tunachapa dibaji ya kosa la kiwandani?"

Kidomo alitoa mfukoni kitabu chao, jalada lake juu chini, kisichotengenezwa. Asubuhi baba yake alikuwa amekishika sindano tayari ina uzi, akamuuliza mara moja tu, naye akatikisa kichwa. Mzee akakifunga kwa gazeti. Sasa Kidomo alikifungua ukurasa wa sitini na nne, akakisogeza. Mhariri alisoma. Aligeuza ukurasa, akasoma, akageuza tena, na Kidomo, mzoefu wa kutazama nyuso nyuma ya miwani, aliona macho yale yakiacha kukagua na kuanza kusoma.

"Baba anasema si kimoja," Kidomo alisema. "Anasema ni rundo zima. Vingine viliuzwa."

Mhariri alinyanyua kichwa. Halafu akafungua lile faili, akasoma tena maneno ya jaji wa tatu, safari hii kimya, midomo ikicheza.

"Na mimi nimemwonea aibu siku tatu," alisema.

Akavuta simu, akabonyeza namba, akaiweka mezani sauti ikiwa juu. Ililia muda mrefu. Hatimaye sauti ya mzee ikaitika, nzito, ya mtu aliyetolewa kitini.

"Shikamoo mwalimu. Ni mimi, wa kule kwenye vitabu. Samahani kukusumbua. Ile nakala yako ya zamani bado unayo?"

"Ninayo. Kwa nini?"

"Naomba uifungue ukurasa wa sitini na tano, unisomee mstari wa kwanza."

"Kuna tatizo?"

"Hata sijui, mwalimu."

Walisikia simu ikilazwa juu ya kitu kigumu. Walisikia ndala zikiburuzwa zikienda, mlango wa kabati, kikohozi, ndala zikirudi. Kidomo aligundua ameshika ukingo wa meza. Mhariri alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa kitabu cha juu chini, kama mtoto anayefuatisha mwalimu. Karatasi ziligeuzwa upande wa pili wa simu, nyingi kwanza, kisha mojamoja. Halafu wakamsikia mzee akisafisha koo na kuvuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kusoma kwa sauti.